Mstari wa Tope

Miche ilikuwa 43. Naikumbuka idadi hiyo kwa sababu niliihesabu mara mbili: mara ya kwanza tulipoishusha kutoka kwenye mkokoteni, na mara ya pili ilipokwisha kuingia ardhini, nikiwa nimesimama na jembe begani kama mtu aliyemaliza kulipa deni. Ulikuwa mwanzo wa masika, miaka kumi hivi iliyopita, kwenye ukingo wa mto Motoine, upande wa chini wa Kibera. Ukitoka kwetu Ayany unashuka, unavuka reli, unaendelea kushuka vichochoroni hadi unasikia harufu ya mto kabla hujauona. Tulikuwa kundi la wakazi wa mtaa wetu, wengi wetu watu wa nyumba za mawe, tumevaa fulana za rangi moja, na tulikuwa tumekubaliana kwamba tunakwenda kuuokoa mto. Miche yote ilikuwa ya mkaratusi. Mimi ndiye niliyeichagua. Nilisema ni ya bei nafuu na hukua upesi, na hakuna aliyenipinga, labda kwa kuuheshimu ualimu wangu, maana nilikuwa nimefundisha jiografia kwa miaka mingi na habari za mito ndizo zilizokuwa mkate wangu.

Nyanya mmoja, Mnubi wa Makina kwa vazi na lafudhi yake, alipita na kikapu akasimama kututazama. Tulimwamkia, akaitikia. Kisha akaniuliza mimi niliyekuwa karibu naye, "Hapo mnapopanda, mwanangu, maji yakija yatakaa wapi?" Nilimjibu kwa upole ule niliokuwa nikiwajibu watoto wa darasa la nne. "Nyanya, hii miti ndiyo itakayoyazuia." Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, Mungu awabariki," akaenda zake. Nilimsahau kabla hajafika kwenye reli.

Sikurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Hili ndilo ninaloona haya kulisema kuliko yote, kwa maana kukosea mti ni ujinga, na ujinga hufundishika, lakini kupanda kisha usirudi hata kuangalia ni jambo la moyo. Tulipigwa picha, tukagawana soda, tukapanda mlima kurudi Ayany. Nilipopita tena pale, miaka miwili ilikuwa imekwisha. Mbuzi walikula mingine, mto ukachukua mingine, na watoto wakang'oa fito za kuchezea. Sita ilikuwa hai. Ilikuwa imepanda juu, myembamba na yenye magome ya kumeremeta, nami nikajisikia fahari. Sikutazama chini yake. Ningetazama ningeona kwamba hakuna nyasi iliyoota pale, udongo umebaki mtupu na mgumu, na mto unaanza kuula taratibu.

Na si kwamba sikuwa nimesikia. Mwaka 2009, John Michuki, waziri wa mazingira wa wakati ule, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na kwenye vyanzo vya maji, kwa kuwa hunywa maji mengi mno. Nililisoma gazetini, nikaliona kuwa jambo la watu wenye mashamba huko milimani. Elimu yangu ilikuwa hivyo: ilijaa kichwani, haikuteremka mpaka mikononi.

Kisha ikaja Aprili ya 2024. Mvua zile ziliua watu zaidi ya 200 nchini, na mitaa ya kandokando ya mito ya Nairobi iliumia vibaya. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi ule nililala Ayany nikisikia mvua ikipiga bati la gereji ya jirani, na moyoni, namwomba Mungu anisamehe, nilihisi usingizi mtamu wa mtu aliye mahali pa juu. Asubuhi nikavaa gambuti nikashuka. Mkaratusi mmoja kati ya sita yangu ulikuwa umeng'oka pamoja na kipande kizima cha ukingo, ukaangukia nyumba ya mama mmoja anayeuza omena. Hakuna aliyeumia, yeye na wanawe walikuwa wameshakimbilia kanisani kabla ya usiku wa manane. Nilimkuta akisuuza sufuria. Ukuta wa mabati uliobaki ulikuwa na mstari wa tope ulionifika kifuani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula: chini yake kahawia, juu yake safi. Nilisimama nikiutazama mstari ule. Mama akadhani nimetumwa kuandika majina ya walioathirika, akaniambia la kwake. Nikalisikiliza. Sikumwambia kwamba mti ule niliupanda mimi.

Kama ukingo ungebomoka hata bila mti, sijui. Maji ya usiku ule yalikuwa mengi kuliko miti yote ya dunia yangu. Lakini kila nikijipa udhuru huo nakumbuka swali la yule nyanya, na nagundua kwamba hakuniuliza habari za mti kabisa. Aliniuliza maji yatakaa wapi.

Julai mwaka ule, mwezi wa baridi na manyunyu, kijana niliyewahi kumfundisha, sasa ni askari wa misitu, alinialika nitembee naye katika Msitu wa Ngong Road. Kutoka Ayany ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, nami nilikuwa nimekaa miaka yote ile bila kuingia. Tulikuwa tunauogopa. Watoto wetu tuliwaambia kwamba msituni kuna majambazi, na hofu hiyo haikutoka hewani, kwa hiyo siwezi kusema tuliwadanganya. Ila tulipoishia hapo ndipo tulipowanyima. Mto ule ule unaopita nyuma ya Kibera, ule tunaouzibia pua, hutoka upande wa Dagoretti ukapita katikati ya msitu huo kwanza, ndipo ukatufikia sisi. Nilikuwa nimeufundisha kwenye ramani. Sikuwa nimewahi kuuona ukiwa na umri mdogo.

Msitu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimebaki 1,224 hivi. Nyingine zimekwenda kwa shule, viwanja vya maonyesho na makazi, na barabara ya Southern Bypass imepita ndani yake. Niliyajua hayo. Nilichokuwa sikijui ni jinsi miti inavyopangana. Kule juu kwenye udongo mwekundu unaokauka upesi tulipita kati ya mihugu na mikinduri. Kijana akanigongesha kiganja kwenye muhugu, mti mgumu usioliwa na mchwa, ule ambao wachonga vinyago wa Ukambani wameuchonga mpaka ukaadimika. Nyumbani nina twiga wa muhugu niliyepewa siku ya harusi. Nimempangusa vumbi miaka yote hiyo bila kujiuliza alisimama wapi alipokuwa mti. Tulivyozidi kushuka, miti ikabadilika bila mtu kuipanga. Mihugu ikabaki nyuma, majani yakawa mapana, kivuli kikawa kizito, na bonde lilipopanuka tukaingia penye mikuyu na mizambarau mwitu, mizizi yake imetambaa juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mtu mzee.

"Mwalimu, tazama hapa," kijana alisema, akaweka kidole kwenye shina la mkuyu. Palikuwa na mstari. Majani makavu, vijiti, na tope jepesi lililokauka, vimejishika kwenye gome usawa wa goti langu. Akanionyesha shina jingine, na jingine, mbali na mto, hatua 30, hatua 40. Mstari ulikuwa ule ule kwenye mashina yote. "Haya ni maji ya Aprili," akasema. "Yalikuja yakalala hapa siku mbili, kisha yakaondoka."

Nilikaa chini. Sikukaa kwa kuchoka. Ulikuwa mto mmoja, na mvua moja, na pengine usiku mmoja, na mstari ni ule ule wa tope. Kule Kibera ulinifika kifuani na kumwondoa mama kitandani, huku ulinifika gotini na hakuna hata mche mdogo uliolala. Kijana alichimba kwa vidole katika tandiko la majani yaliyooza, akatoa gao la udongo mweusi, akanipa. Ulikuwa na unyevu bado, miezi miwili na zaidi baada ya mvua. Alinieleza kwa maneno ambayo nadhani baadhi yake niliwahi kumfundisha mimi. Tandiko lile hunywa kwanza. Mizizi na mashina huyakwamisha maji yasikimbie, nayo yakipoteza mbio huangusha tope yalilobeba, na tope lile ndilo mbolea ya msitu wa kesho. Yaliyobaki huteremka ardhini polepole na kuulisha mto wakati wa kiangazi. Msitu hauyazuii maji. Unayapa pa kukaa.

Juu yetu kima walikuwa wakila tini na kuzidondosha zilizoumwa nusu. Kijana akapasua moja akanionyesha ndani: vijiua vidogo mamia, vimegeukia ndani, na nyigu mdogo kuliko chawa ambaye huingia humo kwa tundu la ncha, akaacha chavua na mayai, akafia humo humo. Mkuyu hauwezi kuzaa mbegu bila nyigu yule, na nyigu hana pengine pa kuzalia. Maisha yangu yote nilisikia watu wakisema mkuyu hauna maua, nami nikawarudia. Unayo. Unachanua kwa ndani.

Niliporudi Ayany jioni ile nilikaa langoni na soja wetu, mzee wa Kipokomo kutoka upande wa Garsen, nikamsimulia. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema kwao wanangoja mafuriko. Mto Tana ukifurika, baba yake alikuwa akihamisha watu na vyombo mahali pa juu, na maji yakishuka walirudi kupanda mpunga na migomba kwenye tope jipya. "Maji yasipokuja, mwalimu, hiyo ndiyo njaa." Baadaye nilikwenda kusoma. Misitu ya kandokando ya Tana chini ni misitu ya mafuriko kweli kweli, na mwaka 1976 sehemu yake ilifanywa hifadhi kwa ajili ya jamii mbili za nyani wadogo wa pale, mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kuna mti wa jamii ya popla huko ambao miche yake huota kwenye mchanga mpya ambao mto umeutandaza. Kati ya mwaka 1968 na 1988 mabwawa matano yalijengwa huko mto ule unakotoka, Kindaruma la kwanza na Kiambere la mwisho, na mafuriko yakapungua. Sehemu ya umeme wa taa ninayosomea usiku inatoka huko. Siwezi kuyalaani mabwawa yale nikiwa chini ya taa hiyo. Lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mti unaweza kufa kwa kukosa mafuriko.

Tangu siku ile neno kuzuia limekuwa likinisumbua, kwa sababu nikitazama nyuma naona nililifanya kuwa kazi yangu yote. Darasani nilizuia kelele. Nyumbani nilizuia machozi. Binti yangu, alipokuwa msichana, alikuwa akija kwangu na shida zake, na kabla hajafika katikati ya sentensi mimi nimeshajenga ukuta: fanya hivi, usifanye vile, kesho zungumza na fulani. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya baba. Akaacha kuja. Alipoolewa, mambo yake mazito niliyasikia kwa watu wengine. Siku hizi akinipigia simu najaribu kunyamaza, na si rahisi. Ulimi unanikimbilia mbele. Juzi alizungumza karibu nusu saa, nami nikasema tu, "Naam, mama." Mwishoni akaniuliza kama simu imekatika.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo sijaipatia pa kukaa. Sheria zetu zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika. Kwa hiyo sheria nayo inasoma mstari wa tope. Mei 2024 serikali iliamuru walio ndani ya eneo hilo wahame, na matingatinga yakafuata. Nilipotoka msituni nikiwa nimejaa mikuyu na nyigu, nilikuwa tayari kusema ni haki, mto urudishiwe mahali pake. Kisha nikamkumbuka mama wa omena na sufuria zake. Kumwambia mto upewe pa kulala ni kumwambia yeye aondoke anapolala, na hakuna aliyemwonyesha pengine. Mimi mwenye nyumba ya mawe mahali pa juu nina haki gani ya kulitamka hilo? Maji machafu ya mitaa yetu, yetu wenye vyoo vya ndani, nayo huteremkia mto huo huo. Bwawa la Nairobi ambamo mto huo huingia, lililojengwa mwaka 1953, lilikuwa na mashua za matanga hapo zamani, wazee wanazikumbuka. Leo limefunikwa na magugu maji yaliyonona kwa uchafu ambao si wa Kibera peke yake.

Na Kibera yenyewe ni nini? Nilikaa hapa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuelezwa kwamba Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles walipewa makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakapaita kwa kile walichokikuta. Kwa hiyo yule nyanya, mjukuu au kitukuu wao, alikuwa akiniuliza swali kutoka ndani ya jina la mahali niliposimama. Nilimtafuta Makina nipate kumjibu upya. Nikaambiwa alifariki mwaka mmoja baada ya korona. Nilisimama nje ya mlango wake nikampa mwanawe mkono wa pole uliochelewa, naye kwa adabu hakuniuliza nilimjuaje mamake.

Huyo nilimkosa. Mama wa omena bado yupo. Amejenga tena, hatua chache nyuma ya pale palipobomoka. Nilichukua miezi kadhaa kujikusanya. Siku moja ya Novemba nikashuka, nikanunua omena za shilingi 100, nikamwambia, "Mama, ule mti uliovunja nyumba yako niliupanda mimi." Aliendelea kufunga omena kwenye gazeti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na ningeipokea. Akasema, "Wewe ndiye yule wa fulana?" Nikasema ndiye. "Mlikuja siku moja tu," akasema.

Hakusema zaidi, wala hakunihukumu. Lakini ni hilo alilokuwa amelihifadhi miaka yote: hakukumbuka aina ya mti, alikumbuka idadi ya siku.

Nikamwomba ruhusa kwanza, jambo ambalo mara ya kwanza halikutupitia akilini. Nikamuuliza maji hupita wapi yakizidi, naye akanitembeza, akanionyesha kwa kidole: hapa huzunguka, hapa hukata, hapa hutulia. Alikuwa na ramani nzima kichwani, sahihi kuliko zote nilizochora ubaoni. Matete yaliyokuwa yameanza kujiotea kwenye kona moja, ambayo ningeyafyeka kama magugu, alisema yaachwe, kwani pale palipo na matete ukingo haukusogea. Kwenye vitalu vya Ngong Road nilizunguka nusu siku kabla ya kupata mche wa mkuyu. Wengi walinionyesha mikaratusi. Nilinunua mmoja. Wanawe walichimba shimo mahali mama alipochagua, tukauzungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi.

Nashuka kila Jumamosi. Mwanzoni watu walidhani nagombea kiti. Wiki nyingine hakuna la kufanya, nakaa kwenye gogo la mkaratusi ulioanguka, mama ananiwekea kiti akiona jua limekuwa kali, tunazungumza au tunanyamaza. Mafuriko yajayo yanaweza kuuchukua mche ule. Serikali inaweza kumhamisha mama kabla haujafika magotini, na mimi sijui ningesimama upande gani siku hiyo. Mikaratusi mitano iliyobaki tulikubaliana naye tuikate mmoja mmoja, na mbao zake ziezeke jiko lake, tumekata miwili.

Ukiteremka kutoka kwenye reli ukafika mtoni, ukaona kijiti chenye majani mapana kimezungukwa na miiba karibu na banda la omena, nakusihi usikikanyage. Ni mkuyu, na bado ni mdogo.